Harusi ya Gadeni: Anza na Shosh wa Kiti ya Nyuma

Ukipanda mathree ya Kiambu Road Jumamosi ya Disemba, jua utachelewa. Kuna msururu wa ndai zimefungwa utepe, chali wa kamera ametoa nusu ya mwili kwa dirisha, na nyuma yao basi ya wasee wa shags wanaimba wakigonga mabati. Karibu wote wanaingia gadeni. Harusi ya kujifungia kwa holi tumewachia wazae. Mbogi yetu inadai nyasi, miti, jua ya jioni na droni ikizunguka juu. Na mi sina noma na hiyo. Noma iko pale watu wanaanzia. Mtu anaokota picha ya harusi ya Italia huko Pinterest, anaitupa kwa grupu ya WhatsApp ya komiti, anasema "hivi ndio nataka", alafu anashangaa mbona shamba ya Kitengela inakataa kukaa Italia.

Form yangu ni hii: harusi ya nje unapangia shosh ameketi kiti ya nyuma kabisa. Si bibi harusi, si mpiga picha, si wale wa kurekodi TikTok. Shosh. Yule ametoka Nyeri saa kumi alfajiri, magoti yanamsumbua, leso iko kwa bega, na hajui hata mtu mmoja kwa hiyo meza ameketishwa. Ka yeye anaona, anasikia, amedishi, jua haijamchoma na choo haiko kilomita moja, hiyo sherehe imeweza. Ka yeye ameteseka, hata ukiwa na keki ya ghorofa tano, shags wataongea hiyo stori mpaka watoi wako waoe.

Tuanze na kalenda. Nairobi mvua inanyeshanga Machi mpaka Mei, inapumzika, alafu inarudi Oktoba na inaweza kukuburuta mpaka Disemba. Hiyo mtoi wa praimo anajua. Lakini bado kuna wasee wanachukua gadeni Aprili juu walipewa bei ya chini. Maze, kuna sababu ni bei ya chini. Aprili ya 2024 mafuriko yalibeba makeja Mathare na barabara kibao zikapitika kwa shida. Siku ka hiyo tenti inakusaidia nini na wageni wamekwama njiani? Agosti inapendwa juu shule zimefungwa na wasee wa majuu wamerudi home kutembea. Sawa, lakini Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka bahari, na Julai na Agosti wingu linaweza kukalia mji siku mzima. Ukivalisha wasimamizi magauni ya mgongo wazi mwezi huo, kwa picha zote watakuwa wamekunja mabega. Januari na Februari ndio kavu. Pia ndio Njaanuari, karo imelipwa, Krisi imemaliza watu, hakuna mtu ana ganji ya kuchanga. Ndio maana gadeni nyingi ziko wazi wakati huo na mwenyewe anaweza kusikia ukibonga bei.

Ukishapata mwezi, cheki jua inapita wapi. Sisi tuko karibu na ikweta, sa jua yetu haina upande mmoja. Juni inapita kaskazini, kivuli ya mti inaangukia kusini. Disemba inapita kusini, kivuli inaruka upande ule mwingine. Maanake ukienda kuangalia gadeni Juni na harusi ni ya Disemba, ule mti mkubwa ulipangia wazee wakae chini yake utawaanika mchana wote. Rudi hapo wakati umekaribia harusi, saa ile ile ya sherehe, na ukae chini. Usisimame tu ukipiga selfi. Keti kiti ya nyuma, ufunge mdomo, uskie vile inakaa.

Na hapa ndio shosh na kamera wanakosana. Mpiga picha anadai jua ikuwe nyuma ya maharusi, nywele zing'ae, sura zikae laini. Wote ni mafans wa hiyo mwanga, siwalaumu. Lakini ikiwa sherehe ni saa kumi jioni, jua iko magharibi, na ukiipeleka nyuma ya maharusi umewaelekeza wageni wote hukohuko. Wasee mia mbili wanakunja macho, wengine wamefunika uso na programu ya harusi, na hakuna mtu anaona pete ikiingia kidole. Mi ningegeuza viti, wageni wape jua mgongo wakati wa viapo, kamera ivumilie. Alafu ikifika saa kumi na moja na nusu, maharusi wahepe na mpiga picha pekee yao wapige hizo za mwanga wa dhahabu. Jua ya Nairobi inazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, inasonga na dakika chache tu, sa hakuna haja ya kubahatisha.

Mwenye watu wengi wa shags asipange jioni lakini. Apange asubuhi. Andika saa tatu kwa kadi, juu ukiandika saa nne watafika saa sita, na saa sita mpaka saa nane ndio jua inachoma bila huruma na baba wa bwana harusi amevaa suti ya sufi. Kuna maemsii wanaringa ati wanajua kushikilia watu mpaka maharusi wafike. Hakuna kushikilia mtu kwa jua. Weka tenti, weka maji kwa kila meza kabla hata dijei hajaweka nyaya.

Ardhi nayo. Hii watu wanairuka kabisa juu kwa picha nyasi ni nyasi. Pande za Kitengela, Syokimau na Athi River kuna ule udongo mweusi wa pamba. Ikiwa kavu inapasuka, ikinyeshewa usiku moja inageuka gundi. Ndula za kisigino chembamba zinazama mpaka mwisho, na ndai zimepaki kwa nyasi zinakwama, sa mwisho wa sherehe wasee wa suti wanasukuma Probox. Pande za Kiambu na Limuru ni udongo mwekundu, hauzamishi sana, lakini gauni nyeupe ikigusa hapo basi, hiyo rangi unaenda nayo nyumbani. Jibu si ngumu. Njia ya kutembelea iwekwe mbao ama zulia nzito, visigino vikuwe vinene, na pakingi ikuwe pahali pana changarawe. Alafu mtu mmoja wa komiti, mwenye ameshikilia hiyo kazi tu, apeleke wazee na wa viti vya magurudumu mpaka kwa tenti na ndai, zibaki hatua chache tu za mwisho.

Upepo ndio mjanja zaidi. Ngong Hills kunabamba, hakuna kubisha, ukisimama pale juu unaona Bonde la Ufa lote limejitandaza. Lakini KenGen wameweka mitambo ya kutengeneza stima na upepo hapo hapo. Sa ka kampuni ya stima iliangalia hiyo kilima ikaona huku upepo haukosi, wewe unatundika pazia za shifoni ukitarajia zitulie? Huko deko ikuwe fupi na nzito: maua kwa mitungi ya udongo, vitambaa vimefungwa chini, tao la maua limechimbiwa ama limewekewa magunia ya mchanga. Maiki nayo ivalishwe ile sponji ya upepo, ama viapo vyote vitarekodiwa ka mtu anapuliza chai.

Nimetaja maiki, wacha nimalizie hapo. Ndani ya holi sauti inagonga ukuta inarudi. Nje inaenda ikapotea. Dijei akiweka spika mbili kubwa mbele, mbogi ya mbele wanapasuka masikio na nyuma shosh anauliza jirani, "Amesema nini?" Mwambie alete spika ndogo za kuweka katikati na nyuma, sauti ya chini kila mahali. Jenereta ikuwe mbali, upande upepo unaenda, si upande unatoka. Na ukuwe nayo hata ka gadeni ina stima, juu stima ya Kenya tunaijua tabia yake.

Kelele pia ina sheria. Kuna kanuni za NEMA, wale wa mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele, na ukitaka kupiga muziki kwa spika za nguvu nje unafaa kuwa na kibali. Uliza mwenye gadeni mapema nani anashughulikia hiyo kibali, ni yeye ama ni wewe, na muziki inazimwa saa ngapi. Ukinyamaza, karao watakuja kuuliza kwa niaba yako, na watakuja dansi ikiwa imenoga. Droni nazo hazirushwi ovyo. KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, ndio inazisimamia, na kanuni zake za 2020 zinataka droni isajiliwe na anayerusha awe ameruhusiwa. Karen na Lang'ata ndege za uwanja wa Wilson zinapita chini kabisa. Mpiga picha akisema "ah, hiyo niachie mimi", mwambie akuonyeshe makaratasi zake. Ka hana, abaki na kamera ya mkono, hakuna mtu ameshindwa kuoa juu hakupigwa picha kutoka mawinguni.

Sa twende msituni, juu najua kuna wale mnadai miti mirefu. Nairobi iko na bahati hiyo. Arboretum iko kando ya Ikulu tangu 1907, na Jumamosi ukipita huko ni magauni kila kona. Karura ni kubwa zaidi, karibu hekta elfu moja, na tuko nayo juu kuna watu walikataa. Wangari Maathai alipigwa huko Januari 1999 akienda kupanda miti wakati ardhi ya msitu ilikuwa inagawiwa wenye nguvu. Miaka mitano baadaye akachukua tuzo ya Nobel. Ukipiga picha za harusi chini ya hiyo miti, kumbuka ni ya damu ya mtu, usiache takataka.

Na takataka si maombi tu, ni sheria. Tangu 5 Juni 2020, chupa za maji za plastiki, vikombe na sahani za kutupa, vijiko vya plastiki na mirija haviruhusiwi kwa misitu ya serikali, mbuga na fukwe. Hii inavuruga bajeti ya watu wengi, juu komiti ilikuwa imeshikana na katoni za maji. Utahitaji madumu makubwa yenye bomba, glasi za kukodisha, na mtu wa kuziosha. Mi naona ni afadhali hata hivyo. Meza imejaa chupa nusu-nusu za plastiki haijawahi kubamba kwa picha.

Tumbili wa hiyo misitu ni wengi na hawana aibu, lakini mwizi mkuu wa Nairobi ana mabawa. Mtu yeyote amesomea hii mji anamjua mwewe: unatoka kantini na samosa mkononi, kufumba na kufumbua uko na karatasi tu. Sa fikiria trei ya nyama imebebwa wazi kutoka jikoni ya nje mpaka kwa meza. Chakula itembee imefunikwa, na pahali pa kupakulia pakuwe chini ya tenti. Pilau, mukimo na chapo zinavumilia. Mayonesi na saladi za maziwa kwa jua ya saa saba, wacha kabisa, usitafutie watu ngori ya tumbo. Wapishi nao wanataka kivuli na maji yao. Watu wanakodi tenti ya maua na wanasahau tenti ya jikoni, sijui nani alifundisha hiyo hesabu.

Foleni ya chakula ndio pahali heshima inaonekana. Mezani kwa wazee chakula ipelekwe, wasisimame. Mbogi yenu ya mtaa ipange laini, iko na miguu. Na usihesabu vichwa na kadi pekee. Huku kwetu kadi ya mtu mmoja inakuja na binamu, jirani na mtoi. Ongeza sahani, punguza maua. Vyoo pia: ka gadeni ina vyoo viwili na wageni ni mia mbili, kodi vingine vya kubeba, viwekwe pahali tambarare, taa ikuwe, na kimoja kikuwe karibu na tenti ya wazee.

Makaratasi sasa, juu kuna watu wamepiga sherehe ya nguvu na kisheria bado ni machali na mademu tu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Ya serikali unatoa notisi isiyopungua siku 21, na isizidi miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Mkitaka msajili aje mpaka gadeni badala ya nyinyi kwenda kwake, hiyo ni maombi tofauti na ada yake, sa ianze mapema. Wakatoliki nao wajue kuwa kanisa lao linataka ndoa ifungwe kanisani. Gadeni inahitaji ruhusa ya askofu, na mara nyingi jibu ni muanzie parokiani alafu mje kula nyasini. Waislamu hawana hiyo shida. Nikahi inaweza kufungwa msikitini, nyumbani ama hapo kwa tenti, bora walii, mashahidi na mwenye leseni ya kuisajili wako. Na ka mmefanya ruracio ama ayie na mnahesabu imetosha, iko sawa, lakini ndoa ya kimila pia inafaa kupelekwa kwa msajili. Pasta ama padri wa gadeni naye, muulize leseni bila kuona haya.

Tumefika kwa doh. Komiti ya harusi ni kitu tamu ya Kenya, siezi idharau. Jumapili mchana wasee wanakutana kwa hoteli, soda moja moja, kila mtu anataja kiasi atatoa, M-Pesa inalia. Lakini pesa ya komiti inakuja na sauti ya komiti. Mtu ametoa thao tano anadai kuchagua rangi ya tenti. Hapo lazima muwe na msee mmoja wa kusema hapana, na asiwe bibi harusi wala bwana harusi. Mi ningempa shangazi. Hakuna mtu anabishana na shangazi.

Na ka hamna doh, msisubiri miaka. Januari 2017 kuna kapo ya hapa Nairobi walioana na soo moja tu, hakuna keki, hakuna gauni ya kukodi. Picha zikasambaa nchi nzima, watu wakaguswa, na Valentines ya mwaka huo wadhamini wakawapigia sherehe ya pili kubwa, ya nje, maua kila mahali. Sisemi uoe ukingoja kutrend, hiyo haitokei mara mbili. Nasema wale walikuwa wameshaoana na soo, na ile ya pili ilikuwa nyongeza. Alafu 2020 korona ikaja, Julai serikali ikaruhusu watu 100 tu kwa harusi, na watu wakagundua unaweza kuoa uwanjani kwa mamako, viti za jirani, nyama ya mbuzi mmoja, na kila mgeni unamjua jina. Kuna wenye hawakuwahi kurudi kwa harusi za watu mia tano. Nawaelewa.

Uwanja wa kwenu, enyewe, ndio gadeni naamini zaidi. Unajua maji inapita wapi ikinyesha, unajua jua inachomokea kwa nani, shosh analala hapo hapo na choo anaijua. Shida yake ni moja: lazima mtu achimbe, asawazishe, akate nyasi wiki mbili mapema, alafu baada ya sherehe majirani wataendelea kuja kumalizia soda mpaka Jumatano.

Ikiwa umekodi, mambo ya mwisho ni ya pesa. Lipa depo, shikilia balansi mpaka tenti zisimame na uhesabu viti. Andikishianeni, hata ka ni kwa meseji tu. Mvua ikinyesha mnafanya nini, hiyo iandikwe pia: tenti za ziada zinakuja saa ngapi, nani analipa, na nani ana mamlaka ya kuziita saa moja asubuhi wakati maharusi bado wanapakwa podo na simu zimezimwa. Alafu chagua msee mmoja hapendi kudansi. Kila mbogi iko naye. Basi za shags zikishatoka na nyinyi mmehepa kwenda Diani, yeye ndio anabaki hapo na tochi, anahesabu viti vikipakiwa kwa lori na kuwekeana sahihi na mwenye tenti. Juu Jumatatu hiyo simu itakupata ufukweni ati viti kumi na mbili zimepotea, na ka hukuachia mtu kazi ya kuhesabu, buda, utalipa.